Mary Mallon: Mpishi aliyezuiliwa kisiwani miaka 26 bila kuugua

MSOMAJI wa humu nchini akisikia kwamba mgonjwa amezuiliwa hospitalini, mara moja hudhani kuna bili ambayo haijalipwa. Mary Mallon hakuwa na deni la hospitali hata senti moja. Hakuwa ameiba, hakuwa amekusudia kumuua mtu, wala hakuwahi kusimama kizimbani akasomewa mashtaka. Isitoshe, kwa imani yake mwenyewe hakuwa mgonjwa hata kidogo. Hata hivyo, mwanamke huyo alizuiliwa kwa jumla ya miaka 26 hivi katika hospitali iliyokuwa kisiwani jijini New York, Marekani, na huko ndiko alikokata roho mnamo Novemba 11, 1938, akiwa na umri wa miaka 69.

Ulimwengu unamkumbuka kwa jina la kubandikwa, Mary wa Taifodi. Jina hilo lilichapishwa katika jarida la madaktari mwaka wa 1908, wakati ambapo mwenyewe alikuwa tayari kizuizini, na halikumtoka tena maishani. Hadi leo hutumiwa kumsuta yeyote anayeeneza balaa popote aendapo. Ni wachache wanaolitumia ambao wanajua kwamba lilikuwa la mtu wa kweli, aliyekuwa na kazi, ujira na hasira zake.

Mary alizaliwa Septemba 23, 1869 katika mji wa Cookstown, kaunti ya Tyrone, kaskazini mwa Ireland. Eneo hilo lilikuwa la kimaskini na vijana wengi walikuwa wakivuka bahari ya Atlantiki kutafuta riziki. Yeye naye alivuka mnamo 1883 au karibu na mwaka huo, angali msichana, akapokewa na shangazi yake na mumewe jijini New York. Kama ilivyokuwa kwa wasichana wengi wa Ireland wa enzi hiyo, mlango uliokuwa wazi kwake ni ule wa nyuma wa nyumba za matajiri, mlango wa watumishi.

Alianzia kazi za chini, lakini alikuwa na kipaji cha upishi. Katika nyumba hizo mpishi hakuwa mtumishi wa kawaida. Alilipwa zaidi ya dobi na zaidi ya msichana wa kufagia, na waajiri walimnyang'anyia mpishi hodari kama mpira wa kona. Kwa mwanamke asiye na mume, asiye na jamaa wa kumtegemea na asiye na elimu ya juu, jiko lilikuwa ndiyo shahada yake. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani kila kilichompata baadaye kilizunguka jiko hilo.

Majira ya joto ya 1906, mwenye benki mmoja wa New York, Charles Henry Warren, alikodi nyumba ya mapumziko mjini Oyster Bay, katika Long Island. Huo haukuwa mtaa wa mabanda. Rais wa Marekani wa wakati huo, Theodore Roosevelt, alikuwa na makazi yake katika mji uo huo. Kati ya Agosti 27 na Septemba 3, watu sita kati ya 11 waliokuwa katika nyumba hiyo waliugua homa ya matumbo. Waliougua ni mke wa Warren, mabinti zake wawili, wajakazi wawili na mtunza bustani.

Homa ya matumbo ilihesabiwa kuwa maradhi ya wanaokunywa maji machafu na kuishi kwa msongamano. Mwenye nyumba aliona kwamba isipojulikana chanzo chake, nyumba yake haingepata mpangaji tena. Maji yalipimwa, na kadhalika maziwa, mabomba na shimo la choo. Hapakuonekana kitu. Ndipo akamwajiri George Soper, mhandisi wa masuala ya usafi aliyekuwa na sifa ya kuchunguza mikurupuko ya maradhi.

Bw Soper kwanza aliwashuku kombe wa baharini ambao familia hiyo ilipenda kula. Lakini kombe hao waliliwa na mji mzima, na waliougua walikuwa wa nyumba moja tu. Alipouliza zaidi, aligundua kwamba mnamo Agosti 4, wiki tatu hivi kabla ya homa kuzuka, familia ilikuwa imebadilisha mpishi. Mpishi mpya alikuwa Mary Mallon, naye alikuwa ameondoka wiki chache baada ya wagonjwa kuanza kulala kitandani.

Hapo palikuwa na kitendawili. Chakula kilichopikwa motoni huua viini vya maradhi hayo, basi mpishi angewaambukizaje walaji? Jibu lilipatikana katika aiskrimu. Mary alisifika kwa aiskrimu yake iliyochanganywa na vipande vya matunda mabichi ya pichi. Hapo hapakuwa na moto wa kuua chochote kilichotoka mikononi mwake.

Mhandisi huyo alifuatilia historia ya kazi ya Mary kupitia ofisi zilizowatafutia watumishi ajira. Alipata familia nane alizozipikia katika miaka iliyotangulia, na saba kati yazo zilikuwa zimekumbwa na homa ya matumbo. Mnamo 1902, katika nyumba moja ya mapumziko huko Dark Harbor, jimbo la Maine, watu saba kati ya tisa waliugua. Mary alibaki kuwauguza pamoja na mwenye nyumba, na bwana huyo akampa zawadi ya dola 50 kwa wema wake. Kisa hicho hukaa moyoni mwa kila asomaye maisha ya mwanamke huyu. Alishukuriwa kwa kuwauguza watu ambao, bila kujua, yeye ndiye aliyewaletea maradhi.

Kwa jumla Bw Soper alihesabu wagonjwa 22 na kifo kimoja. Kifo hicho kilikuwa cha binti wa familia ya Park Avenue jijini New York, ambako hatimaye alimpata Mary jikoni mapema mwaka wa 1907.

Wazo alilokuwa nalo mhandisi huyo lilikuwa geni hata kwa madaktari wengi. Mwanasayansi wa Ujerumani Robert Koch, aliyechunguza homa ya matumbo nchini mwake mwanzoni mwa karne hiyo, alikuwa ameonyesha kwamba mtu aweza kupona kabisa, au hata kuugua kidogo tu asitambue, kisha viini vikaendelea kuishi ndani ya mwili wake kwa miaka. Aghalabu hujificha katika kifuko cha nyongo na kutoka pamoja na choo. Mtu huyo hana homa, haumwi tumbo, anakula na kulala kama wenzake. Asiponawa mikono barabara atokapo msalani, humpa kila anayemlisha fungu la viini hivyo. Kwa makadirio ya wataalamu, kati ya wagonjwa 100 wa homa ya matumbo, wachache, kama watatu hivi, huishia kuwa wabebaji wa namna hiyo.

Sasa mtafakari mpishi amesimama jikoni mwa mwajiri wake. Anaingia mwanamume asiyemjua, naye si daktari. Anamwambia kwamba anaeneza maradhi na kuua watu, kisha anamtaka ampe damu, mkojo na kinyesi chake vikapimwe. Mary alishika uma mkubwa wa kukatia nyama na kumkabili. Bw Soper alitoka mbio hadi barabarani. Alijaribu tena siku nyingine akiandamana na daktari, akamvizia katika nyumba ya kupanga alikozoea kumtembelea rafiki yake wa kiume. Mara hii pia alifukuzwa kwa matusi.

Mwandishi wa makala hii haoni ajabu. Bw Soper alikuwa na ujuzi wa maji na mabomba, ila ulimi wa kuzungumza na mtu mwenye hofu hakuwa nao. Mary aliamini kwamba hajawahi kuugua homa ya matumbo maishani. Aliyoyaona kwa macho yake ni kwamba maradhi hayo yalikuwa kila mahali mjini, na katika nyumba za watu wasiomjua vilevile. Kwa nini alaumiwe yeye?

Mnamo Machi 1907, Bw Soper aliwasilisha ushahidi wake kwa Idara ya Afya ya jiji. Idara ilimtuma Dkt Josephine Baker, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa madaktari enzi hizo. Dkt Baker hakuwa mgeni wa maradhi hayo, kwa kuwa homa ya matumbo ndiyo iliyomuua babake alipokuwa msichana. Siku ya kwanza Mary alimfungia mlango. Siku iliyofuata daktari alirudi na polisi na gari la wagonjwa. Mary aliwaona, akainua uma wake, kisha akatoweka ndani ya nyumba.

Walimtafuta kwa saa kadhaa. Nje, kwenye theluji, palikuwa na nyayo zilizoelekea kwenye ua wa jirani, na kiti kimesimamishwa kando ya ua huo. Hatimaye polisi mmoja aliona kipande cha kitambaa cha nguo kimebanwa na mlango wa stoo iliyokuwa chini ya ngazi za nje. Ndani yake alikuwemo Mary. Alipigana, akauma na kupiga mayowe, hata ikabidi abebwe na polisi hadi ndani ya gari. Dkt Baker alisafiri hadi hospitalini akiwa amemkalia ili asijirushe nje. Miaka mingi baadaye, daktari huyo alikiri katika kumbukumbu zake kwamba alikuja kumheshimu mwanamke aliyempa taabu siku ile.

Katika Hospitali ya Willard Parker, choo cha Mary kilipimwa na kukutwa kimejaa viini vya homa ya matumbo. Bw Soper alimtembelea chumbani mwake akamweleza sayansi ya jambo hilo, na hata akajitolea kuandika kitabu juu yake na kumpa faida yote. Mary aliinuka bila kusema neno, akaingia msalani na kufunga mlango.

Haukupita muda mrefu kabla ya kuvushwa hadi Kisiwa cha North Brother. Ni kisiwa kidogo kilicho katika Mto East, kati ya Bronx na kisiwa cha jela cha Rikers. Tangu 1885 hapo palikuwa na Hospitali ya Riverside, ambako jiji liliwatenga wenye maradhi ya kuambukiza, wengi wao wakiwa wa kifua kikuu. Pwani yake ilikuwa na kumbukumbu nyingine ya huzuni, kwani mnamo Juni 1904 meli ya General Slocum iliteketea ikapanda ufuoni hapo, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Mary alipewa kijumba kando ya maji, chenye sebule, jiko na bafu. Kutoka dirishani aliweza kuliona jiji alilokatazwa kulikanyaga. Aliishi na mbwa wake mdogo.

Sheria iliyotumiwa ilikuwa vifungu viwili vya katiba ya jiji, kifungu cha 1169 na 1170, vilivyoipa bodi ya afya mamlaka ya kumhamisha mtu mwenye maradhi ya kuambukiza hadi mahali panapofaa. Vifungu hivyo havikutaja mtu asiye na dalili yoyote. Havikueleza angezuiliwa kwa muda gani, wala nani angeamua kwamba sasa yatosha.

Ndipo ukaanza ugomvi wa sampuli. Kati ya Machi 1907 na Juni 1909 maabara ya jiji ilipima choo chake mara 163. Mara 120 viini vilionekana, zilizosalia havikuonekana. Mary hakuiamini maabara ya mlinzi wake wa gereza, na nani angeiamini? Rafiki yake alimsaidia kupeleka sampuli kwa maabara ya kibinafsi jijini, Maabara ya Ferguson, na majibu yote yaliyotoka huko yalisema hana kitu.

Leo tunaelewa jinsi majibu hayo mawili yalivyoweza kupingana bila mtu kudanganya. Mbebaji hatoi viini kila siku. Huweza kupitisha wiki kadhaa akiwa safi kisha vikarudi. Tena sampuli inayokawia njiani huweza kupoteza viini vilivyomo. Lakini kwa mwanamke aliyekaa peke yake kisiwani na karatasi mkononi inayosema ni mzima, maelezo hayo yangekuwa porojo za wakubwa.

Tiba nazo zilikuwa za kubahatisha. Alipewa dawa moja baada ya nyingine, nyingine zikimdhuru, na hakuna iliyofaulu. Walimshauri akubali kupasuliwa ili kifuko chake cha nyongo kiondolewe. Alikataa katakata. Wengi walimwona mjinga kwa hilo, lakini upasuaji wa tumbo katika miaka hiyo uliwaua watu, na hata kwa waliopona hapakuwa na hakika kwamba viini vingetoweka. Baadaye alieleza kwa barua kwamba madaktari wenyewe walibadili maneno, leo wakisema shida iko kwenye nyongo, kesho wakisema iko kwenye matumbo.

Barua hiyo ina lalamiko jingine ambalo halihusu homa ya matumbo. Mara tu baada ya kufikishwa kisiwani, ukope wa jicho lake la kushoto ulipooza. Kwa miezi sita alilifunika jicho hilo kwa mkono wake mwenyewe na kulifunga bandeji usiku. Daktari wa macho alikuwa akifika kisiwani mara kadhaa kwa wiki, na hakuna aliyemwomba amtazame. Hospitali iliyompima choo mara 163 haikupata dakika ya kuangalia jicho lake.

Mnamo Juni 20, 1909, gazeti la William Randolph Hearst, New York American, lilichapisha habari zake kwa kurasa kubwa, na kuweka mchoro wa mpishi akivunja mafuvu madogo ya vichwa ndani ya kikaango kama mayai. Siku chache baadaye wakili George Francis O'Neill aliwasilisha ombi mahakamani, akiitaka serikali imlete mteja wake mbele ya jaji na kueleza ni kwa haki gani inamshikilia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mteja wake hajashtakiwa, hajahukumiwa, si mgonjwa, na hakuna aliyemwekea ukomo wa kifungo.

Mahakama ilimwonea huruma ila haikumfungulia. Mnamo Julai 1909 ombi lilitupiliwa mbali na akarudishwa kisiwani. Majaji waliona kwamba kumwachilia mtu anayeweza kuwaambukiza wengine ni mzigo ambao hawakuwa tayari kuubeba.

Swali hilo si geni kwetu. Mnamo 2010 mahakama ya Kapsabet iliwapeleka jela kwa miezi minane wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wameacha kumeza dawa, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma iliyoachwa na wakoloni. Wagonjwa hao walienda Mahakama Kuu, na mnamo Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kumtenga mgonjwa ni jambo moja na kumtupa gerezani ni jingine, na kwamba sheria hiyo haikuruhusu la pili. Aliiagiza serikali iandae sera ya kuwatenga wagonjwa kwa njia inayoheshimu utu wao. Mary Mallon alikufa bila kumpata jaji wa kumtenganishia mambo hayo mawili.

Aliyemfungulia alikuwa kamishna mpya wa afya, Ernst Lederle. Mnamo Februari 1910 alimwachilia kwa masharti. Mary aliapa kwa maandishi kwamba hatapika tena kwa ajira, atachunga usafi wake, na atakuwa akiripoti kwa idara kila baada ya miezi mitatu. Kamishna alimsaidia kupata kazi ya udobi.

Hapa ndipo pa kuutazamia mkasa huu wote, kuliko hata kwenye uma na theluji. Idara ilimwondolea mwanamke wa miaka 40 kazi pekee iliyompa heshima na mshahara mzuri, ikampa kazi ya kufua nguo kwa malipo duni. Haikumfunza ufundi mwingine. Haikumpa posho wala pensheni. Tena hakuna aliyekuwa amefaulu kumshawishi kwamba ana viini mwilini. Mnamo 1911 alikusudia kulishtaki jiji na kudai fidia ya dola 50,000, lakini hakuambulia chochote. Baada ya muda aliacha kuripoti, na idara ikampoteza.

Kilichofuata hakina utetezi mwepesi. Mapema mwaka wa 1915 homa ya matumbo ilizuka katika Hospitali ya Sloane jijini New York, hospitali ya akina mama wanaojifungua. Watu 25 waliugua, wengi wao wakiwa madaktari, wauguzi na wafanyakazi, na wawili wakafa. Mpishi wa hapo aliitwa Bi Brown. Inasemekana watumishi wenzake walikuwa wakimtania kwa jina la Mary wa Taifodi, wasijue wamegonga ndipo. Daktari mkuu alimwita Bw Soper na kumwonyesha barua iliyoandikwa na mpishi huyo, naye akautambua mwandiko mara moja.

Mwishoni mwa Machi 1915, polisi walimfuata hadi nyumba moja eneo la Corona, Queens. Hawakufunguliwa mlango, wakapanda ngazi na kuingia kupitia dirisha la ghorofani. Walimkuta amejikunyata bafuni. Mara hii hakupigana sana. Hata magazeti yaliyomwonea huruma 1909 yalimgeuka. Mtu aliyeapa kuacha kupika, akabadili jina, akaingia jiko la hospitali ya wazazi na watoto wachanga, alikuwa amepoteza kisingizio cha kutojua. Wawili waliokufa Sloane hawawezi kusahauliwa kwa sababu tu aliyewalisha alidhulumiwa kabla yao.

Hata hivyo, haki hupimwa pia kwa jinsi wengine walio katika hali hiyo hiyo walivyotendewa. Kufikia wakati huo na katika miaka iliyofuata, idara iligundua mamia ya wabebaji wengine wa homa ya matumbo jijini New York, na wengi wao waliachwa waishi makwao chini ya uangalizi. Mmoja wao, mfanyakazi wa vyakula, alihusishwa mnamo 1922 na wagonjwa zaidi ya 100 na vifo vitano, idadi inayoshinda ile ya Mary, lakini akazuiliwa kwa majuma machache tu. Mwingine, mwenye mkahawa na duka la mikate, alifikishwa kortini mnamo 1924 kwa kuvunja masharti na kupatikana na hatia. Hakimu alimwonea imani, akamruhusu aende zake mradi aendeshe biashara yake kwa simu. Hao walikuwa wanaume wenye jamaa au mali. Mary alikuwa mwanamke asiyeolewa, mhamiaji wa Ireland, mtumishi, tena mwenye ulimi mkali na uma mkononi. Yeye pekee ndiye aliyefungiwa maisha yake yote.

Kwa jumla, wagonjwa waliohusishwa naye moja kwa moja walikuwa 51 au zaidi kidogo, na vifo vitatu.

Miaka 23 ya kisiwani iliyofuata ilipita kimyakimya. Kuanzia 1918 aliruhusiwa kuvuka kwa feri kwenda mjini kwa matembezi ya siku moja na kurejea jioni, na kila mara alirejea. Hospitali ilimpa kibarua cha kulipwa, na katika miaka ya 1920 akawa msaidizi katika maabara yake, akiosha chupa na kuandaa vipimo pamoja na daktari mmoja wa kike aliyemfanya rafiki. Sijui msomaji atalipokeaje hilo, ila kwangu mimi ni jambo la kustaajabisha. Mwanamke aliyetilia shaka maabara kuliko kitu kingine alikuja kupata riziki yake ndani yake. Pamoja na hayo, waliomfahamu walijifunza kutomtajia homa ya matumbo. Hakukubali kamwe kwamba alikuwa nayo.

Mnamo Desemba 1932 alikutwa sakafuni katika kijumba chake akiwa amepigwa na kiharusi. Hakutembea tena. Alilazwa katika wodi ya hospitali hiyo kwa miaka sita, mara hii akiwa mgonjwa kweli, hadi alipofariki. Dawa ya kwanza madhubuti dhidi ya homa ya matumbo, kloramfenikoli, ilianza kutumika mnamo 1948, miaka 10 baada ya kifo chake, na hata hiyo haikuwafaa sana wabebaji. Wanasayansi waliendelea hadi karne hii kuchunguza jinsi viini hivyo vinavyoweza kuishi ndani ya mtu bila kumsumbua.

Akiba yake ndogo aliwaachia marafiki wachache na kanisa lake. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Raymond, Bronx, ng'ambo ya maji kutoka kisiwani, na watu tisa ndio waliohudhuria mazishi.